Kafeini Katika Kikombe cha Kila Siku: Nani Anywe, Kiasi Gani na Saa Ngapi

Alfajiri inapoingia Ipogolo, moto wa kwanza kuwashwa ni wa chai. Kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, mama lishe hubandika masufuria mekoni kabla malori yaliyolala hapo hayajaanza safari. Madereva na utingo wao hunywa chai ya maziwa kwa chapati, waendesha bodaboda hunywa wakiwa wamesimama, na nyumbani watoto hupewa kikombe cha chai ya rangi kabla ya kwenda shule. Ifikapo jioni, wasafiri wa usiku hupita madukani kununua vinywaji vya kuongeza nguvu, maarufu kama enaji.

Vinywaji hivyo vinatofautiana kwa ladha na bei, lakini vyote vina kemikali moja inayobadilisha utendaji wa ubongo, moyo na usingizi. Kemikali hiyo ni kafeini. Wakazi wengi huinywa kila siku bila kujua kiasi wanachokunywa, wala kujua kwamba kikombe kisicho na madhara kwa mtu mzima mwenye afya huweza kuwa kingi mno kwa mjamzito au kwa mtoto. Makala haya yanaeleza utafiti wa kitabibu umebaini nini kuhusu kafeini, na namna kila kundi katika kata linavyoweza kuutumia ujuzi huo.

Kafeini ni nini?

Kafeini hupatikana kiasili katika majani ya chai, buni za kahawa, mbegu za kakao na njugu za kola. Katika baadhi ya mimea hiyo huisaidia kujikinga dhidi ya wadudu. Mkemia Friedlieb Ferdinand Runge wa Ujerumani ndiye aliyeitenga kwa mara ya kwanza kutoka katika buni za kahawa mwaka 1819. Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wana ukaribu wa pekee na zao hili, kwa kuwa chai hulimwa Mufindi, Njombe na Rungwe, na kahawa hulimwa Mbozi na Mbeya.

Kiasi cha kafeini hutegemea aina ya kinywaji na namna kilivyoandaliwa. Kwa makadirio ya kawaida, kikombe cha chai huwa na miligramu 40 hadi 50, na kikombe cha kahawa iliyochujwa huwa na takriban miligramu 90. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 huwa na takriban miligramu 35. Kopo la enaji la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80, na chupa ya nusu lita huwa na miligramu 160 hivi. Kwa sababu hiyo inafaa kusoma lebo ya chupa kabla ya kununua, hasa palipoandikwa kiasi kwa kila mililita 100, kisha kuzidisha kwa ukubwa wa chupa yenyewe.

Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya miligramu 200 kwa mkupuo mmoja, bila wasiwasi wa kiafya. Hicho ni kiasi cha vikombe vinane hivi vya chai, au vinne vya kahawa iliyochujwa, kwa siku nzima.

Inavyofanya kazi mwilini

Mtu anapokuwa macho, ubongo wake hukusanya taratibu kemikali iitwayo adenosini. Kadiri inavyoongezeka ndivyo mtu anavyohisi uchovu na usingizi, kwa kuwa adenosini hujishika kwenye sehemu maalumu za chembe za ubongo na kuzipunguza kasi. Kafeini ina umbo linalokaribiana na adenosini. Huingia katika sehemu hizo na kuzikalia bila kuleta usingizi, kama ufunguo usio wa kitasa hicho uliokwama tunduni na kuuzuia ufunguo wenyewe usiingie.

Hivyo kafeini haiupi mwili nguvu mpya, bali huzuia taarifa ya uchovu isifike. Adenosini huendelea kukusanyika wakati wote huo, na kafeini inapoisha, uchovu wote hurudi kwa pamoja.

Kafeini hufyonzwa haraka, na nyingi yake huwa imeingia katika damu ndani ya dakika 45. Kuondoka huchukua muda mrefu zaidi. Kwa mtu mzima, ini huhitaji wastani wa saa tano kuondoa nusu yake. Anayekunywa kahawa saa kumi na moja jioni bado ana nusu ya kafeini hiyo mwilini saa nne usiku, na robo yake saa tisa usiku. Muda huo si sawa kwa watu wote. Uvutaji wa sigara huufupisha, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huurefusha hadi karibu mara mbili. Ndiyo maana watu wawili waliokunywa vikombe vilivyo sawa huweza mmoja kulala na mwingine kukesha.

Madereva na safari za usiku

Ipogolo ni mahali pa kupumzikia kwa madereva waliopanda Kitonga wakitokea Dar es Salaam, na kwa waliotoka Mbeya baada ya safari ya zaidi ya kilomita 300. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, suala la usingizi wa dereva limekuwa la kila abiria.

Utafiti unaonesha kwamba kafeini humsaidia dereva kwa muda mfupi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, katika miaka ya 1990 waliwapima madereva wenye usingizi kwa kutumia mtambo wa kuigiza uendeshaji. Kafeini ilipunguza makosa ya kuacha njia, na usingizi mfupi wa chini ya dakika 15 ulipunguza makosa pia. Viwili hivyo vilipotumiwa kwa pamoja matokeo yalikuwa mazuri zaidi: dereva anakunywa kahawa, analala papo hapo kwa muda mfupi, kisha anaamka wakati kafeini inaanza kufanya kazi.

Hata hivyo, nafuu hiyo ni ya kumfikisha dereva mahali salama pa kulala na haiwezi kuchukua nafasi ya usingizi wa usiku mzima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionesha kwamba miligramu 400 za kafeini zilizotumiwa hata saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Dereva anayekunywa chupa mbili za enaji jioni hulala vibaya anapofika, huamka amechoka, na siku ya pili huhitaji chupa tatu.

Jambo jingine la hatari ni kuchanganya enaji na pombe. Kafeini haipunguzi kiwango cha pombe katika damu. Humfanya mnywaji asijione amelewa ilhali mikono na macho yake yamekwisha kulewa.

Wajawazito na wanaonyonyesha

Wakati wa ujauzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, ini la mama huondoa kafeini polepole sana. Muda wa kuondoa nusu yake huweza kufikia saa 15. Kafeini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, ambaye mwili wake bado hauna uwezo wa kuivunjavunja. Kwa hiyo kila kikombe cha mama hubaki kwa muda mrefu katika miili yote miwili.

Katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Mamlaka ya Ulaya iliyotajwa hapo juu iliweka kiwango cha chini zaidi, yaani miligramu 200. Kwa mjamzito anayekunywa vikombe viwili au vitatu vya chai kwa siku hakuna sababu ya hofu. Anayekunywa enaji anashauriwa kuiacha.

Kuna jambo la pili linalomhusu mjamzito, nalo halitokani na kafeini bali na tanini, viambato vinavyoipa chai rangi na ukakasi. Tanini hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mboga za majani na nafaka, na kuyazuia yasifyonzwe. Watafiti wa Afrika Kusini walilieleza jambo hili tangu mwaka 1975, na vipimo vilivyofuata vimeonesha kwamba chai ikinywewa pamoja na mlo huweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu.

Kwa Tanzania hilo si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulibaini kwamba asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kisha akavimeza kwa chai ya rangi, anapoteza sehemu kubwa ya dawa hiyo. Vidonge vimezwe kwa maji safi, na chai inywewe mbali na mlo, angalau saa moja au zaidi. Tunda lenye vitamini C, kama chungwa au pera, likiliwa pamoja na mlo husaidia chuma kufyonzwa.

Mama anayenyonyesha anaweza kunywa chai kwa kiasi, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya kafeini inayoingia katika maziwa. Hata hivyo mtoto mchanga huhitaji siku kadhaa kuondoa kile kinachomfikia. Mtoto asiyetulia na asiyelala vizuri huweza kuwa sababu ya mama kupunguza vikombe.

Watoto

Kwa watoto, kiwango kinachotajwa na wataalamu hao wa Ulaya ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto mwenye kilo 15 hufikia kikomo hicho kwa miligramu 45, yaani kikombe kimoja cha chai iliyokolea. Chupa moja ya enaji ya nusu lita humpitisha zaidi ya mara tatu.

Madhara makubwa zaidi ya chai kwa mtoto mdogo huenda yakawa ni chakula inachokiondoa. Chai ya rangi yenye sukari hujaza tumbo bila kujenga mwili. Kikombe hicho kinapochukua nafasi ya uji wa lishe au maziwa, mtoto hukosa protini na madini, na chuma kidogo anachokipata katika kitafunwa hushikwa na tanini. Utafiti huo wa mwaka 2022 uliuweka Mkoa wa Iringa juu kuliko mikoa yote kwa udumavu, ukiwa na asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi na chai si chanzo chake. Lakini katika mkoa wenye mahindi, maharage, viazi, maziwa na matunda, kifungua kinywa cha mtoto ni mahali ambapo kila kaya inaweza kuanza kufanya mabadiliko.

Kwa upande mwingine, kafeini ni dawa muhimu kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Baadhi ya watoto hao husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, na kafeini huamsha sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha zaidi ya watoto 2,000 katika nchi kadhaa, ulionesha kwamba dawa hiyo iliwapunguzia muda wa kutegemea mashine za kupumulia. Mwaka uliofuata watafiti hao walionesha kwamba ilipunguza pia mtindio wa ubongo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika mwongozo wake wa matunzo ya watoto njiti. Dawa hiyo hutolewa hospitalini pekee, kwa dozi iliyopimwa kulingana na uzito wa mtoto, na kamwe si kwa kijiko cha chai nyumbani.

Shinikizo la damu, kisukari na sukari ya kikombeni

Kafeini hupandisha shinikizo la damu kwa saa chache, hasa kwa mtu asiyeizoea. Kwa wanaoitumia kila siku mwili huizoea na ongezeko hupungua. Mwenye shinikizo la juu asilodhibiti anashauriwa kupunguza kahawa na kuepuka enaji, na vivyo hivyo mtu ambaye moyo humwenda mbio. Anayekwenda kupima shinikizo asinywe chai wala kahawa ndani ya nusu saa kabla ya kipimo, la sivyo namba zitasoma juu kuliko hali yake halisi.

Kuhusu magonjwa mengine, kahawa imepata sifa nzuri. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2017 ulionesha kwamba wanywaji wa vikombe vitatu hadi vinne vya kahawa kwa siku walikuwa na magonjwa ya ini na kisukari cha aina ya pili kwa kiwango pungufu kuliko wasiokunywa. Tafiti hizo zilifuatilia tu maisha ya watu, hivyo haziwezi kuthibitisha kwamba kahawa yenyewe ndiyo kinga. Hazimpi mtu sababu ya kuanza kunywa kahawa kama tiba, wala mgonjwa wa kisukari sababu ya kuacha dawa zake.

Faida yoyote huweza kupotea kwa sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu nne. Anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha tumia gramu 48 kabla hajala andazi wala kunywa soda.

Chai ya moto na saratani ya umio

Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kahawa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016 jopo la wanasayansi 23 kutoka nchi 10 lilipitia upya ushahidi na kuiondoa katika orodha hiyo. Jopo hilo lilibaini tatizo lingine: vinywaji vya moto sana, vyenye zaidi ya nyuzi joto 65, huenda vikasababisha saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Kinachoshukiwa ni joto, awe mtu anakunywa chai, kahawa au maji.

Saratani hiyo huonekana kwa wingi Afrika Mashariki na Kusini kuliko sehemu nyingi za dunia, na Tanzania imo katika ukanda huo. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapima watu 188 namna wanavyokunywa chai. Kwa wastani walianza kunywa ikiwa na takriban nyuzi 71. Wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa ya moto zaidi, kwa kuwa chai ya rangi ilipoa haraka mara mbili kuliko ya maziwa.

Kwenye miinuko kama ya Iringa maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi, bado mbali juu ya 65. Katika baridi ya Juni na Julai wengi hupenda kuinywa chai ikiwa inafuka mvuke. Kinga yake haina gharama: chai imiminwe kikombeni, iachwe ipoe kwa dakika kadhaa, kisha inywewe taratibu. Kuepuka tumbaku na pombe kali hupunguza hatari hiyo zaidi. Mtu anayepata shida ya kumeza chakula kwa wiki kadhaa asisubiri, aende kituo cha afya.

Kupunguza bila kuumwa

Aliyezoea vikombe vingi akiacha ghafla huweza kuumwa kichwa, kukosa umakini na kuwa na hasira. Dalili huanza baada ya saa 12 hadi 24 na huisha ndani ya siku chache. Wanaofunga huzifahamu siku hizo za mwanzo. Ni vyema kupunguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, kuanzia kile cha jioni.

Huduma zilizopo

Kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha wingi wa damu kwa wajawazito, vidonge vya madini ya chuma na ushauri wa lishe hupatikana katika vituo vya umma vya kutolea huduma za afya, kikiwemo Kituo cha Afya Ipogolo. Wakazi wanahimizwa kumweleza mtoa huduma idadi ya vikombe vya chai, kahawa na enaji wanavyokunywa kwa siku, kama wanavyomweleza dawa wanazotumia.

Kwa ufupi:

Mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 400 kwa siku, na mjamzito abaki chini ya 200.

Chai isinywewe pamoja na mlo wala na vidonge vya madini ya chuma.

Mtoto apewe uji au maziwa badala ya chai, na asipewe enaji.

Dereva mwenye usingizi aegeshe gari na kulala.

Na kila kikombe kipoe kwanza kabla ya kunywewa.